Nauli ya kwenda bila kurudi: treni zilizowapeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji

Kila ifikapo tarehe 27 Januari, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwakumbuka wahanga wa Maangamizi ya Wayahudi, picha zilezile hurudi kwenye simu zetu: behewa la mizigo lililofungwa kwa nje, reli inayopita chini ya lango la matofali, watu wamesimama kando ya njia wakiwa na masanduku mkononi. Chini ya picha hizo huja maswali. Kwani hawakujua wanapelekwa wapi? Kwa nini hawakuruka? Ni kweli walikatiwa tiketi? Na kama waliosafirishwa walikuwa mamilioni, ni nani aliyeziendesha treni zote hizo katikati ya vita? Wapo pia wanaouchukua mkanganyiko huo na kuufanya hoja kwamba habari yenyewe imetiwa chumvi.

Haijatiwa chumvi. Ni miongoni mwa matukio ya karne ya 20 yenye makaratasi mengi zaidi, na makaratasi hayo ndiyo yanayofafanua mambo kuliko picha. Ukitaka kulielewa jambo hili, ifuate treni yenyewe: nani aliiomba, nani aliipangia ratiba, nani aliilipia, nani aliilinda, na ilishusha watu wapi.

Maneno ya kuanzia

Maangamizi ya Wayahudi, au Holokosti, ni mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 yaliyofanywa na Ujerumani ya Wanazi pamoja na washirika wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Takriban nusu yao walisafirishwa kwa treni kabla ya kuuawa. Wengine wengi hawakupanda treni yoyote. Walikufa kwa njaa na maradhi, au walipigwa risasi karibu na makwao, hasa katika ardhi ya Muungano wa Kisovieti. Kwenye bonde la Babi Yar, mjini Kyiv, Wayahudi 33,771 waliuawa kwa risasi tarehe 29 na 30 Septemba 1941. Walifika hapo kwa miguu, wameamriwa wenyewe kujikusanya. Kwa hiyo anayesema kwamba Wayahudi wote walipelekwa Auschwitz kwa treni amekosea, na kosa hilo linawafuta watu wengi mno.

Geto lilikuwa mtaa uliozungushiwa ukuta au uzio ambamo Wayahudi walilazimishwa kuishi kwa kubanana, kama ilivyokuwa Warsaw na Łódź kule Poland. Kambi ya kupitia ilikuwa kituo cha kukusanyia watu wakisubiri treni: Drancy kule Ufaransa, Westerbork kule Uholanzi, Mechelen kule Ubelgiji. Kambi ya mateso, mfano Dachau, lilikuwa gereza la kazi ngumu na ukatili, ambamo wengi walikufa. Kambi ya mauaji ni kitu kingine. Treblinka, Sobibór na Bełżec, zote katika Poland iliyotekwa, hazikuwa na mahali pa kuwalaza waliofika, ukiacha mabanda ya wafungwa wachache waliobakizwa ili wafanye kazi. Karibu kila aliyeshuka kwenye treni aliuawa kwa gesi siku hiyohiyo. Auschwitz ilikuwa vyote viwili, kambi ya kazi na kambi ya mauaji, ndiyo sababu ina manusura wengi wa kusimulia kuliko Bełżec, ambako waliotoka hai hadi mwisho wa vita wanahesabika kwa vidole.

Kwa nini treni?

Mpango wa kuwaondoa Wayahudi Ulaya haukuanzia kwenye reli. Katikati ya mwaka 1940, Ufaransa iliposhindwa vita, Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani iliandaa mpango wa kuwasafirisha kwa meli hadi Madagaska, kisiwa kilichokuwa koloni la Ufaransa, ng'ambo ya bahari kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huko wangewekwa chini ya ulinzi wa SS, kikosi cha usalama cha Wanazi kilichoongozwa na Heinrich Himmler. Mpango ulikwama kwa sababu njia za bahari zilikuwa mikononi mwa jeshi la majini la Uingereza.

Juni 1941 Ujerumani ikauvamia Muungano wa Kisovieti, na macho ya Berlin yakageukia mashariki, kunakofikika kwa nchi kavu. Ujerumani ilikuwa na reli iliyofika karibu kila mji, na kila nchi iliyotekwa iliongeza njia, mabehewa na wafanyakazi. Tarehe 18 Oktoba 1941 treni ya kwanza ya Wayahudi wa Berlin iliondoka stesheni ya Grunewald kuelekea geto la Łódź. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Januari 1942, maofisa wa serikali na wa chama cha Wanazi walikutana Wannsee, pembezoni mwa Berlin. Mara nyingi husemwa kwamba mauaji yaliamuliwa siku ile. Wakati huo mamia ya maelfu walikuwa wamekwisha kuuawa. Kilichofanyika Wannsee ni kuzipanga wizara na idara zote zifanye kazi pamoja, kutoka Ufaransa hadi Urusi.

Treni ya kukodi

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Fikiria familia inayokodi basi kwenda msibani mkoani. Mwenye basi anauliza mko wangapi, mnatoka wapi, mnakwenda wapi, lini, na nani analipa. Shirika la reli la Ujerumani, Reichsbahn, liliuliza maswali hayohayo. Treni za kuwahamisha Wayahudi ziliingizwa kwenye vitabu kama treni maalumu za kukodi, na mteja alikuwa polisi.

Ofisi iliyoomba treni ilikuwa ya Adolf Eichmann, ndani ya Ofisi Kuu ya Usalama ya Ujerumani. Mtu wake wa usafiri aliitwa Franz Novak. Kazi ya Novak ilikuwa kupeleka maombi kwenye reli: watu kiasi hiki, kutoka mji huu, tarehe hii. Wapanga ratiba walitafuta nafasi kati ya treni za jeshi, za makaa ya mawe na za abiria wa kawaida, kisha wakatoa hati inayopita stesheni hadi stesheni.

Nauli ilifuata bei ya daraja la tatu, pfennig (senti ya Kijerumani) 4 kwa kilometa kwa kila mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 10 alilipiwa nusu, na wa chini ya miaka 4 alisafiri bure. Kundi likizidi watu 400, bei ya kundi ilishuka hadi nusu. Hesabu ilikuwa ileile hata pale abiria walipopakiwa kwenye mabehewa ya mizigo bila kiti wala choo. Malipo yalipitia wakala wa usafiri uleule uliouza tiketi kwa watu waendao likizo. Askari walinzi walilipiwa kwenda na kurudi. Wayahudi walilipiwa kwenda tu.

Nimezisoma kanuni hizi mara nyingi na bado zinanishtua kuliko picha yoyote, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuzibuni. Zilikuwepo tayari kwa ajili ya safari za shule na za wafanyakazi, zikatumika.

Je, Wayahudi walikatiwa tiketi? La, hakuna aliyepewa tiketi mkononi. Ila fedha zilizolipia safari mara nyingi zilikuwa zao. Kule Ujerumani waliokuwa wakisubiri kuondolewa walitakiwa kujaza fomu ndefu za kuorodhesha kila walichonacho, hadi nguo na samani, na kutoa sehemu ya akiba yao kugharimia usafiri. Sheria ya tarehe 25 Novemba 1941 ilisema Myahudi anayehamia nje ya Ujerumani anapoteza uraia, na mali yake inakuwa ya serikali. Treni ikivuka mpaka, nyumba inataifishwa. Vyombo na samani vikapigwa mnada hadharani, majirani wakanunua.

Slovakia, nchi mshirika wa Ujerumani, ilikubali kuilipa Ujerumani Reichsmark 500, fedha ya Ujerumani wakati huo, kwa kila Myahudi aliyechukuliwa. Kule Thessaloniki, Ugiriki, ambako treni zilianza Machi 1943 na kuondoa zaidi ya watu 40,000, abiria waliambiwa wabadilishe fedha zao za Kigiriki wapewe hundi za fedha ya Poland, eti wakazitumie kuanzia maisha mapya huko. Hundi zile hazikuwa na thamani yoyote.

Ratiba ilisema ukweli

Barua za serikali zilitumia maneno ya kupoza: kuhamishwa, kupelekwa kazini, kuishi mashariki. Ratiba za treni hazikuwa na nafasi ya maneno hayo. Raul Hilberg, mwanahistoria mzaliwa wa Vienna ambaye familia yake ilikimbia Wanazi, alizichambua hati hizo kwa miaka mingi na kuonyesha jinsi ya kuzisoma. Hati ya ratiba inataja treni iliyojaa ikienda Treblinka, na mstari wa pili unataja mabehewa yaleyale yakirudi matupu. Kisha yanajaa tena mji mwingine, yanakwenda kulekule, yanarudi matupu. Treblinka ilikuwa stesheni ya kijijini. Karani yeyote wa reli aliyeshika hati ile angeweza kujiuliza maelfu ya watu kwa siku wanalala wapi.

Wakubwa hawakuhitaji kukisia. Tarehe 28 Julai 1942, Albert Ganzenmüller, katibu wa dola katika Wizara ya Uchukuzi, cheo kinachokaribia katibu mkuu wa wizara kwetu, aliandika barua kwa Karl Wolff, msaidizi wa Himmler. Alimwarifu kwamba tangu tarehe 22 Julai treni moja yenye Wayahudi 5,000 ilikuwa ikitoka Warsaw kwenda Treblinka kila siku, na nyingine yenye 5,000 ikitoka Przemyśl kwenda Bełżec mara mbili kwa wiki. Wolff alijibu kwa shukrani, akisema amefurahi. Mwenyewe Himmler alimwandikia Ganzenmüller Januari 1943, baada ya reli kusimamisha treni hizo kwa wiki kadhaa kupisha mahitaji ya jeshi, akimsihi amsaidie apate treni zaidi.

Kutokana na barua hiyo unaweza kuona kosa jingine linalorudiwa sana, kwamba treni za Wayahudi zilipewa kipaumbele hata juu ya jeshi. Kwa kawaida haikuwa hivyo. Zilikuwa chache ukilinganisha na maelfu ya treni zilizopita kwenye reli za Ujerumani kila siku, na zilisukumwa pembeni kupisha nyingine. Ndiyo maana safari ya saa chache iligeuka ya siku nzima, na ya siku moja ikawa ya siku tatu. Kule kusubiri kwenye njia za pembeni, milango imefungwa, katika jua la Agosti au baridi ya Januari, kuliwaua watu wengi kabla hawajafika popote.

Ndani ya behewa

Si treni zote zilikuwa za mizigo. Wayahudi wengi wa Ujerumani walisafirishwa kwenye mabehewa ya kawaida ya daraja la tatu, yenye madirisha na viti vya mbao. Hilo lilisaidia uongo. Mtu aliyeruhusiwa kubeba kilo 50 za mizigo, akaketi kwenye kiti na kutazama nje, aliweza kuamini kwamba kweli anahamishwa.

Tunayo taarifa ya kapteni wa polisi aitwaye Paul Salitter, aliyesindikiza Wayahudi 1,007 kutoka Düsseldorf hadi Riga, Latvia, Desemba 1941 akiwa na askari 15. Safari ilichukua saa 61. Taarifa yake inalalamika kuhusu behewa la walinzi kuwekwa mahali pabaya na joto kutofika humo. Alipomtaka mkuu wa stesheni mmoja njiani apange upya mabehewa, yule bwana alikataa, akapendekeza walinzi wahamie behewa mojawapo la Wayahudi na Wayahudi hao wahamishiwe behewa la walinzi. Salitter akaandika kwamba ofisa huyo afundishwe na wakubwa wake, kwani anaonekana kuwa mmoja wa wale ambao bado wanawaonea Wayahudi huruma. Treni ilifika usiku wa baridi kali, na abiria, wakiwemo watoto, wakaachwa ndani bila moto hadi asubuhi.

Mashariki hakukuwa na viti. Behewa la mizigo lililokadiriwa kubeba askari 40 liliingizwa watu 80, 100 na zaidi. Ndoo moja ya choo, pengine ndoo moja ya maji, pengine hakuna. Kidirisha kimoja juu, kimezungushiwa seng'enge. Watu walisimama, na aliyekufa alibaki amesimama kwa kukosa pa kuangukia. Septemba 1942 treni kutoka Kolomyja kwenda Bełżec ilibeba zaidi ya watu 8,000. Polisi walioisindikiza waliandika wenyewe kwamba takriban 2,000 walikuwa wamekufa ilipofika. Walieleza pia kwamba risasi ziliwaishia njiani kwa kuwapiga waliojaribu kutoka, wakaendelea kwa mawe na singe.

Geto la Warsaw lilikuwa kubwa kuliko yote. Kati ya Julai na Septemba 1942, Wayahudi wapatao 265,000 walitolewa kwenye geto na kupelekwa Treblinka, mwendo wa chini ya kilometa 100. Waliokuwa na njaa waliahidiwa kilo 3 za mkate na kilo 1 ya jamu wakijitokeza wenyewe. Wengi walijitokeza. Mwanzoni mwa Agosti daktari Janusz Korczak, aliyekuwa akiendesha kituo cha yatima, alikwenda hadi kwenye treni pamoja na watoto wake wapatao 200. Alikuwa mtu mashuhuri mwenye watu tayari kumficha. Alikataa kuwaacha.

Kijijini Treblinka alikuwepo mfanyakazi wa reli Mpolandi aitwaye Franciszek Ząbecki, ambaye kwa siri alikuwa mwanachama wa jeshi la chini kwa chini la Poland. Kazi yake rasmi ilikuwa kupitisha treni. Kazi yake ya siri ikawa kuzihesabu. Mabehewa yaliandikwa kwa chaki idadi ya watu waliomo, naye akazijumlisha siku baada ya siku. Treni ndefu ilisimama stesheni, mabehewa yakakatwa mafungu mafungu, takriban 20 kwa mara moja, yakasukumwa hadi kambini huku yaliyobaki yakingoja na sauti za kuomba maji zikisikika kijiji kizima. Wajerumani walipokuwa wakiondoka aliiba baadhi ya hati za usafirishaji kabla hazijachomwa, na baada ya vita akazipeleka mahakamani kama shahidi. Kambini kwenyewe SS walijenga stesheni ya uongo, yenye mabango ya dirisha la tiketi na saa ya kuchora ambayo mishale yake haikusogea.

Rhodes na Lubumbashi

Kuna treni moja ambayo inagusa eneo la wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Aegean, kilikuwa na Wayahudi waliokuwa wakizungumza Kihispania cha kale kilichohifadhiwa tangu babu zao walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa kilikuwa maskini, na vijana wengi walihamia Afrika kutafuta riziki, hasa Kongo ya Wabelgiji. Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, ukapata jamii yao, maduka yao na sinagogi yao.

Waliobaki kisiwani walikamatwa Julai 1944. Wapatao 1,700 walipakiwa kwenye mashua za mizigo tarehe 23 Julai, wakavuka bahari chini ya jua hadi Piraeus, bandari ya Athens. Tarehe 3 Agosti walipandishwa treni ya mizigo. Waliwasili Auschwitz tarehe 16 Agosti, siku 13 baadaye. Waliosalia hai hadi mwisho wa vita walikuwa kama 150 tu. Balozi mdogo wa Uturuki kisiwani, Selahattin Ülkümen, aliwang'ang'ania na kuwatoa zaidi ya watu 40 kwa hoja kwamba ni raia wa Uturuki au ndugu zao.

Angalia tarehe. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yamekwisha kutua Normandy, pwani ya Ufaransa. Siku zilezile mashua zinaondoka Rhodes, Wasovieti walikuwa wakiingia kambi ya Majdanek, kule Poland, na kuuona ushahidi wa mauaji kwa macho yao. Ujerumani ilikuwa inashindwa vita, na bado ilipata muda, mashua, kichwa cha treni na mabehewa kwa ajili ya wauza duka na watoto wa kisiwa kimoja cha mbali. Kule Katanga, jimbo la Élisabethville, barua zilizokuwa zikitoka kwa wazazi na dada zikakatika. Baadhi ya manusura wa Rhodes walikuja baadaye kuungana na ndugu zao Kongo.

"Mbona hawakuruka?"

Wengine waliruka. Usiku wa tarehe 19 Aprili 1943, vijana watatu wa Ubelgiji, Youra Livchitz, Robert Maistriau na Jean Franklemon, waliisimamisha treni iliyotoka Mechelen na watu 1,631. Silaha yao ilikuwa bastola moja na taa waliyoifunika karatasi nyekundu, ambayo kwa dereva wa treni ni ishara ya hatari. Walifungua behewa moja. Ndani ya mabehewa mengine watu walikuwa na zana walizoficha, wakaendelea kuvunja milango treni ilipoondoka tena. Zaidi ya 230 waliruka usiku ule. Wengine waliuawa kwa risasi au kukamatwa tena, lakini zaidi ya 100 walifanikiwa kutoroka. Mmoja wao alikuwa Simon Gronowski, mwenye miaka 11, aliyeshushwa mlangoni na mama yake. Mama hakufanikiwa kumfuata, akauawa Auschwitz. Simon alikua akawa wakili Brussels.

Waliobaki ndani hawakubaki kwa woga. Ukiwa na mzazi mzee na watoto wawili, unaruka na nani? Unaangukia nchi usiyoijua lugha yake, bila hati, mlinzi juu ya behewa ana bunduki. Na wengi kweli hawakujua mwisho wa njia. Mwaka 1944 Wayahudi wa Hungaria waliofika Auschwitz walilazimishwa kuandika postikadi zenye anwani ya "Waldsee", jina la kudanganyia, wakiwaambia jamaa zao kwamba wamefika salama na wanafanya kazi. Wengi walikuwa wameuawa kadi zilipofika. Na walipoelewa, walipigana hata ndani ya kambi zenyewe: wafungwa wa Treblinka waliasi tarehe 2 Agosti 1943, wa Sobibór tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo.

Je, haikuwezekana kuzizuia?

Hili ndilo swali ninaloona lina jibu muhimu kuliko yote. Watu husema mashine ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuisimamisha. Ramani ya treni inasema vingine. Wajerumani walikuwa wachache katika nchi nyingi, na bila polisi, makarani na wafanyakazi wa reli wa nchi husika wasingefika mbali. Mjini Paris, tarehe 16 na 17 Julai 1942, waliokamata Wayahudi takriban 13,000 walikuwa polisi wa Ufaransa. Kati ya Wayahudi wapatao 76,000 waliosafirishwa kutoka Ufaransa, waliorudi walikuwa kama 2,500.

Hungaria ndiyo mfano wa pande zote mbili. Kati ya tarehe 15 Mei na 9 Julai 1944, watu wapatao 437,000 waliondolewa kwa treni 147 hivi, karibu wote kwenda Auschwitz. Kazi hiyo ilifanywa na askari na watumishi wa Hungaria, Eichmann akiwa na kikosi kidogo tu. Kisha, baada ya shinikizo kutoka kwa Papa, Mfalme wa Sweden na Rais Roosevelt, na mabomu kuanza kuanguka Budapest, kiongozi wa nchi, Miklós Horthy, aliamuru treni zisimame. Zikasimama. Wayahudi wapatao 200,000 wa mji mkuu walikuwa bado hawajaondolewa. Mateso yao hayakuishia hapo, lakini wengi wao waliuona mwisho wa vita.

Bulgaria nayo iliwakabidhi Wayahudi zaidi ya 11,000 wa maeneo iliyoyateka, Thrakia na Makedonia, nao karibu wote walikufa Treblinka. Ilipofika zamu ya raia wake wenyewe wapatao 48,000, naibu spika wa bunge Dimitar Peshev alikusanya saini za wabunge zaidi ya 40 kupinga, na maaskofu Stefan wa Sofia na Kiril wa Plovdiv wakasimama hadharani. Treni zilizokuwa zimepangwa kuwachukua hazikuondoka.

Kuhusu kulipua reli kwa mabomu, hoja ambayo kila mwaka huzusha ubishi: Rudolf Vrba na Alfred Wetzler walitoroka Auschwitz Aprili 1944 wakatoa maelezo ya kina kuhusu treni na vyumba vya gesi. Mashirika ya Kiyahudi yakaomba njia zilipuliwe. Jeshi la Marekani lilikataa, likisema ndege zinahitajika kwingine. Wanahistoria wengine wanasema reli ingekarabatiwa kwa siku moja mbili. Wengine wanakumbusha kwamba tarehe 20 Agosti 1944 ndege za Marekani zilipiga kiwanda kilichokuwa kilometa chache tu kutoka vyumba vya gesi. Ninaona wa pili wana hoja nzito, kwa sababu katika wiki zile kila siku iliyocheleweshwa ilikuwa maelfu ya watu.

Baada ya vita

Reli iliendelea, na watu wake pia. Ganzenmüller alikimbilia Argentina, akafanya kazi na reli za huko, kisha akarudi Ujerumani miaka ya 1950. Alishtakiwa Düsseldorf mwaka 1973. Kesi ilisimama kwa sababu ya afya yake na haikurudi tena. Alifariki mwaka 1996. Franz Novak, aliyekuwa akipeleka maombi ya treni, alipitia kesi kadhaa Austria kuanzia 1964, moja ikimwachia huru, na mwaka 1972 akaishia na kifungo cha miaka 7.

Mashirika yalichelewa zaidi. Rais Jacques Chirac alikiri wajibu wa taifa la Ufaransa mwaka 1995, na mwaka 2014 Ufaransa ilikubaliana na Marekani kutoa dola milioni 60 kwa waliosafirishwa kwa treni kutoka Ufaransa ambao walikuwa hawajapata fidia. Shirika la reli la Uholanzi, NS, lilikuwa limewatoza Wajerumani fedha kwa kila treni iliyokwenda Westerbork, kambi ambayo kupitia kwayo Wayahudi wengi kati ya wapatao 107,000 waliondolewa nchini humo. Liliomba radhi mwaka 2005. Fedha hazikutoka hadi Salo Muller, mtaalamu wa viungo aliyewahi kuihudumia timu ya soka ya Ajax, alipolibana kwa miaka. Wazazi wake walipitia Westerbork wakauawa Auschwitz akiwa mtoto. Mwaka 2019 NS ilikubali kulipa euro 15,000 kwa kila manusura, na kiasi kidogo zaidi kwa wajane na watoto wa waliokufa.